Gunia la mbolea latufunza kuandika fomula za kemia

UKIABIRI matatu mjini Embu na kushika barabara ya kwenda Meru, hutachukua muda mrefu kabla ya kufika Runyenjes. Ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya kahawa, migomba na mahindi na, kadiri unavyopanda kuelekea Mlima Kenya, majani chai. Wengi wenu mnaoishi mijini mna babu, nyanya au shangazi huko ama katika vijiji vinavyofanana na hivyo. Msimu wa mvua ukikaribia, simu hulia: "Tuma pesa za mbolea."

Pesa zinatumwa. Lakini je, umewahi kujiuliza ni nini hasa ulichonunua?

Ingia katika duka lolote la pembejeo huko Runyenjes. Utakuta magunia ya CAN na DAP, mifuko ya chokaa ya shambani na pakiti za dawa ya shaba ya kunyunyizia kahawa. Sasa mwulize kijana wako wa sekondari fomula ya chokaa hiyo. Atajibu kwa haraka: "CaCO₃!" Mwulize tena: kwa nini kalsiamu iko moja? Kwa nini isiwe mbili? Hapo ndipo wengi huanza kukuna kichwa. Amekariri, hajaelewa.

Leo basi tuketi pamoja, mzazi na mwana, tulitatue jambo hili. Fomula za namna hii hazikaririwi, bali huhesabiwa, kama vile mwuzaji sokoni anavyohesabu chenji. Na ukiijua hesabu yenyewe, hutapata maksi za mtihani peke yake. Utafahamu pia ni kwa nini shamba la nyanya linaweza kumeza mbolea ya maelfu ya shilingi na mahindi bado yakadumaa.

MMOJA ANATOA, MWINGINE ANAPOKEA

Kila kitu unachokiona kimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kuna elektroni zenye chaji hasi. Kwa kawaida chanya na hasi hutoshana, hivyo atomu nzima haina chaji.

Tazama sodiamu. Ina elektroni 11, na moja kati ya hizo imekaa pembeni peke yake, tayari kuondoka. Klorini nayo ina elektroni 17, na imepungukiwa na moja tu ili safu yake ya nje ijae. Zikikutana, sodiamu hutoa na klorini hupokea. Sodiamu iliyotoa hubaki na chaji chanya moja, nasi huiandika Na⁺. Klorini iliyopokea huwa na chaji hasi moja, Cl⁻. Atomu yenye chaji namna hii huitwa ayoni. Vitu vinavyofanywa na ayoni chanya na hasi zilizoshikana ndivyo misombo ya ayoni, na chumvi unayotia mbogani ni mmoja wao.

Neno hilo ayoni lilitiwa katika sayansi mwaka 1834 na Mwingereza Michael Faraday, kutoka lugha ya Kigiriki, kwa maana ya kitu kiendacho, kwa sababu ayoni husafiri umeme unapopitishwa majini. Nusu karne baadaye, mwaka 1884, kijana wa Uswidi, Svante Arrhenius, alitoa tasnifu iliyomwezesha kueleza kwamba chumvi ikiyeyuka majini hugawanyika na kuwa ayoni. Walimu wake hawakufurahishwa nayo, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 mtu huyo huyo akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Mwanafunzi uliyepata alama mbaya muhula uliopita, usikate tamaa!

Jambo jingine lilidhihirika mwaka 1913, wakati William Lawrence Bragg alipotumia eksirei kuichunguza punje ya chumvi. Alikuta kwamba hakuna jozi ya sodiamu moja na klorini moja iliyojitenga kando. Zimepangwa kwa zamu, chanya, hasi, chanya, hasi, kila upande, mamilioni kwa mamilioni. Kwa hivyo fomula NaCl haisemi kuwa kuna vipande viwili tu. Inasema kwamba kwa kila sodiamu moja kuna klorini moja. Fomula ya msombo wa ayoni ni ulinganifu, nao ulinganifu huo unatoka kwenye chaji.

SHERIA NI MOJA TU

Sheria yenyewe ni hii: jumla ya chanya lazima itoshane na jumla ya hasi. Mwisho wa hesabu pasalie sufuri. Yote mengine unayofundishwa darasani ni njia za kuifikia sufuri hiyo.

Kwanza yakupasa kujua kila ayoni ina chaji ngapi. Kata orodha hii uibandike ukutani:

Chanya moja: sodiamu Na⁺, potasiamu K⁺, amoniamu NH₄⁺.
Chanya mbili: kalsiamu Ca²⁺, magnesiamu Mg²⁺, zinki Zn²⁺, shaba Cu²⁺, chuma cha aina ya pili Fe²⁺.
Chanya tatu: aluminiamu Al³⁺, chuma cha aina ya tatu Fe³⁺.
Hasi moja: kloraidi Cl⁻, haidroksaidi OH⁻, naitreti NO₃⁻, bikaboneti HCO₃⁻.
Hasi mbili: oksaidi O²⁻, salfeti SO₄²⁻, kaboneti CO₃²⁻.
Hasi tatu: fosfeti PO₄³⁻.

Utaona kwamba nyingine, kama naitreti na salfeti, ni kundi la atomu kadhaa zinazotembea pamoja kama ukoo mmoja. Usizitenganishe. Chukua kundi zima au uliache zima.

Sasa fuata hatua hizi. Andika ayoni chanya kwanza, kisha hasi. Twaa nambari ya chaji ya kila mmoja, umpe mwenzake iwe nambari ndogo ya chini. Kama nambari zote mbili zagawanyika kwa nambari moja, zigawanye. Kundi likihitajika zaidi ya mara moja, litie ndani ya mabano. Moja haiandikwi. Mwisho, ondoa alama zote za chaji.

Jaribu kalsiamu na kloraidi. Kalsiamu ina mbili chanya, kloraidi moja hasi. Kalsiamu moja yahitaji kloraidi mbili, basi CaCl₂. Aluminiamu na oksijeni je? Tatu chanya, mbili hasi. Nambari zikibadilishana tunapata Al₂O₃. Hakikisha: aluminiamu mbili ni chanya sita, oksijeni tatu ni hasi sita. Sufuri!

Haya, turudi kwenye chokaa iliyotukwamisha hapo awali. Kalsiamu ina mbili, kaboneti ina mbili. Nambari zikibadilishana utapata Ca₂(CO₃)₂, lakini zote zagawanyika kwa mbili, basi hubaki CaCO₃. Hiyo ndiyo sababu kalsiamu ni moja. Chokaa hiyo ikichomwa kwenye tanuu hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki CaO. Ukiimwagia maji huchemka na kuwa Ca(OH)₂, ile inayopakwa kutani. Angalia mabano hayo vizuri. Ukiandika CaOH₂ umesema kuna oksijeni moja na haidrojeni mbili, na kalsiamu imebaki ikidai hasi yake ya pili. Mabano yanasema kundi zima la OH lachukuliwa mara mbili.

TUSOME GUNIA

Sasa twende kwenye magunia yenyewe. DAP ni ufupisho wa jina la Kiingereza lenye maana ya fosfeti yenye amoniamu mbili. Fomula yake ni (NH₄)₂HPO₄. Usiogope urefu wake. Fosfeti ina hasi tatu, na ikishika haidrojeni moja yenye chanya moja, hubaki na hasi mbili: HPO₄²⁻. Kila amoniamu ina chanya moja, kwa hivyo zahitajika mbili. Ndiyo maana amoniamu imetiwa katika mabano na kufuatwa na nambari 2. Jina la mbolea lilikuwa limekupa jibu!

Nje ya gunia hilo kumeandikwa 18-46-0. Maana yake ni kwamba katika kila kilo 100 mna kilo 18 za nitrojeni, kilo 46 za fosforasi ikihesabiwa kwa mtindo wa zamani kama P₂O₅, na hamna potasiamu. Gunia la kilo 50 basi lina kilo 9 za nitrojeni.

CAN nayo ina mtego. Jina lake lataja kalsiamu, amoniamu na naitreti, na mwanafunzi mwerevu aweza kujaribu kuziunganisha zote katika fomula moja. La hasha! Ndani ya gunia mna vitu viwili vilivyochanganywa: naitreti ya amoniamu, NH₄NO₃, na unga wa chokaa, CaCO₃. Kila kimoja kina fomula yake na kila kimoja kimejitosheleza.

Kwa nini vikachanganywa? Piga hesabu kidogo. Nitrojeni ina uzito wa 14, haidrojeni 1, oksijeni 16. NH₄NO₃ basi ina jumla ya 80, na kati ya hizo 28 ni nitrojeni, yaani asilimia 35. Lakini gunia la CAN huandikwa asilimia 26 au 27. Sehemu iliyopungua imechukuliwa na chokaa. Usidhani umepunjwa. Naitreti ya amoniamu ikiwa peke yake, kwa wingi, tena karibu na moto, ni hatari kubwa. Mnamo Agosti 4, 2020, takriban tani 2,750 za kitu hicho zilizokuwa zimewekwa katika bohari bandarini Beirut, Lebanon, zililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Chokaa hupunguza hatari hiyo na, isitoshe, husaidia udongo, kama tutakavyoona.

Kuhusu dawa ya shaba, wakulima wa kahawa waijua kwa rangi yake ya kijani kibichi majanini. Huzuia kutu ya majani na ule ugonjwa wa kuozesha matunda ya kahawa uitwao CBD, ambao uligunduliwa humu nchini mwaka 1922. Aina moja iliyoenea ni Cu₂(OH)₃Cl. Hesabu: shaba mbili ni chanya nne. Haidroksaidi tatu ni hasi tatu, na kloraidi moja ni hasi moja. Nne kwa nne! Hata ayoni zikiwa za aina tatu, sheria haibadiliki.

VITA VILIVYOMO UDONGONI

Hapa sasa ndipo fomula inapogusa mfuko wako.

Udongo wa miteremko ya Mlima Kenya ni mwekundu. Wekundu huo watokana na oksaidi za chuma, mojawapo ikiwa Fe₂O₃, na sasa waweza kueleza mbili na tatu hizo zimetoka wapi. Ni udongo mzuri, wenye kina. Hata hivyo mvua nyingi ya miaka na miaka huosha kalsiamu na magnesiamu na kuziteremsha chini, mbali na mizizi. Mbolea zenye amoniamu nazo zikitiwa msimu baada ya msimu huongeza asidi, kwa kuwa vijidudu vya udongoni hugeuza amoniamu kuwa naitreti, na katika kufanya hivyo huachilia asidi.

Asidi ikizidi, aluminiamu iliyokuwa imetulia ndani ya udongo huyeyuka na kuwa Al³⁺. Mizizi ya mahindi ikiigusa hufupika na kuvimba ncha. Na hayo si yote. Al³⁺ ina chanya tatu. Fosfeti uliyonunua kwa pesa zako ina hasi tatu, PO₄³⁻. Zikikutana, tatu kwa tatu, hupatikana AlPO₄, kitu kigumu kisichoyeyuka kwa urahisi. Mmea hauwezi kukinywa. Fosfeti imo shambani, umeilipia, lakini imefungiwa kama fedha katika sanduku lililopotewa na ufunguo. Nyanya akiona mahindi yamedumaa na majani yake yamegeuka ya zambarau, aweza kudhani mbolea ilikuwa kidogo. Atakupigia simu tena uongeze pesa za DAP, nawe utaongeza, na amoniamu iliyomo itazidisha asidi ile ile iliyoleta taabu.

Dawa ya hali hii ni ile CaCO₃ ya bei nafuu iliyowekwa pembeni mwa duka. Kaboneti yake huituliza asidi, na asidi ikipungua, aluminiamu hurudi kutulia na kuiacha fosfeti itumiwe na mmea. Lakini usikimbilie kumwaga chokaa ovyo, kwani ikizidi nayo huleta shida zake. Udongo upimwe kwanza. Mwone afisa wa kilimo wa wadi yenu akueleze jinsi ya kuchukua sampuli na mahali pa kuipeleka. Vilevile chokaa itiwe majuma kadhaa kabla ya kupanda, na isichanganywe na mbolea ya amoniamu siku moja, hasa ile chokaa iliyochomwa, kwa sababu amoniamu hugeuka kuwa hewa ya amonia na kupotelea angani. Ukisikia harufu kali ya kuchoma pua, jua pesa zako zinapaa.

Tukumbuke pia kwamba fomula yaeleza kile kinachopaswa kuwa ndani ya gunia, wala si hakikisho kuwa kimo. Mwaka 2024 taifa zima lilishtuka kusikia kwamba wakulima waliuziwa mbolea isiyotimiza viwango. Kwa hivyo nunua kwa mwuzaji anayejulikana, angalia alama ya ubora na uhifadhi risiti.

NAMBARI NDOGO, TOFAUTI KUBWA

Kuna metali zenye sura mbili, na hizi huwatatiza wanafunzi. Chuma ni mojawapo. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kina mama wajawazito kliniki mara nyingi huwa na salfeti ya chuma cha aina ya pili: Fe²⁺ na SO₄²⁻, basi FeSO₄. Chuma cha aina ya tatu kikiunganishwa na salfeti hiyo hiyo hutoa Fe₂(SO₄)₃, na mwili haukipokei chuma hicho kwa wepesi kama kile cha kwanza. Ndiyo sababu mtihani huandika chuma (II) au chuma (III). Nambari hiyo katika mabano si idadi ya atomu, ni chaji.

Jikoni pia mna mfano mzuri. Magadi yanayolainisha githeri hutoka katika Ziwa Magadi, kusini mwa Nairobi. Mawe yake yana kaboneti moja na bikaboneti moja kwa pamoja, na molekuli mbili za maji. Kaboneti ni hasi mbili, bikaboneti ni hasi moja, jumla tatu. Basi zahitajika sodiamu tatu. Wataalamu huandika Na₂CO₃·NaHCO₃·2H₂O. Hesabu sodiamu uone kama hazikutimia tatu.

Ewe mwanafunzi, jihadhari na makosa haya ambayo humpokonya mtu maksi: kuandika hasi kabla ya chanya, kuacha Mg₂O₂ bila kuigawanya iwe MgO, kusahau mabano panapohitajika, kuyatia pasipohitajika kama vile Na(OH), na kubadilisha nambari za ndani ya kundi. Naitreti ni NO₃ daima. Kumbuka pia kwamba ukikosea fomula moja, mlinganyo wote wa kemia ulioandika hauwezi kusawazika, hata ukiuhangaikia hadi kengele ilie.

JARIBUNI NYUMBANI

Mzazi, zima televisheni kwa dakika kumi. Si lazima uwe ulisoma kemia. Orodha tuliyoitoa juu yatosha. Mwana aandike, nawe uhesabu chanya na hasi kuhakikisha zimetoshana.

1. Potasiamu na ayodeti, IO₃⁻. Ndicho kitu kinachotiwa katika chumvi ya humu nchini ili kuzuia rovu.
2. Magnesiamu na haidroksaidi. Hutumiwa katika dawa za kiungulia.
3. Amoniamu na salfeti. Ni mbolea pia.
4. Kalsiamu na naitreti. Wakulima wa nyanya na mboga waitumia.
5. Kalsiamu na fosfeti. Hupatikana katika mawe yanayotengenezewa mbolea.

Majibu: 1. KIO₃. 2. Mg(OH)₂. 3. (NH₄)₂SO₄. 4. Ca(NO₃)₂. 5. Ca₃(PO₄)₂.

Ikiwa la tano limewashinda, msivunjike moyo. Kalsiamu tatu ni chanya sita, fosfeti mbili ni hasi sita. Na likizo ijayo mkienda mashambani, mwachie kijana aliyekuwa akikariri awasomee wazee maandishi ya gunia na kuwaeleza kilichomo. Asiguse unga wenyewe kwa mikono mitupu, na pakiti za dawa ya kahawa ziwekwe mbali na watoto wadogo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fomula ndiyo daftari la mbolea, na kazi ya kulisoma si ya mwalimu peke yake.